Mashine Iliyoondoka Siku ya Baraka

Mlionitukana baada ya yale niliyowasimulia wiki jana, nimewasikia. Mmoja ameniita nyoka. Mwingine amesema mtu kama mimi hafai hata kusalimiwa. Sina la kujitetea, na leo mtanichukia zaidi, kwa hiyo kaeni vizuri.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni Tiberiu Găman, na kazi yangu ilikuwa kununua vituo vya kutibu saratani kwa mionzi. Nilivinunua kwa niaba ya kampuni iitwayo Raza Bună. Palipokuwa na kituo kidogo kinachohema kwa shida, nilifika na shada la maua kwa mke wa mwenyewe, nikaondoka na kituo. Pasipokuwa na kituo, tulijenga kipya. Nilikuwa hodari, lazima niseme. Watu walinipenda haraka, na hilo ndilo lililoniharibu.

Kituo cha mwisho kukinunua kilikuwa cha Daktari Haralambie Cernat, mjini Ursoaia. Huyu mzee na mkewe Profira ndio walionisimamia arusi yangu. Na kwetu Romania, aliyekusimamia arusi si rafiki, ni mzazi. Unambusu mkono. Sikukuu zote unakula kwake. Humkatalii neno, na humdanganyi.

Mimi nilimdanganya. Nilikaa mezani kwake, supu yake mdomoni, nikamwambia kituo chake hakitafungwa. Kitabaki tawi letu, nikasema, na mashine yake itabaki palepale ilipo. Akakubali bila swali hata moja. Kwake yeye, mwanawe ndiye aliyekuwa anamwambia.

Nilichowaficha wiki jana ni hiki: siku tuliyofungua kituo chetu kipya mjini Bacău, nilituma lori Ursoaia kwenda kuing'oa ile mashine.

Wazo la lori halikuwa langu. Lilikuwa la mkurugenzi wetu, Bi Ruxandra Tăutu, mwanamke ambaye hata akikupongeza unajikagua kama umekosea wapi.

"Tibi," aliniambia, "mashine ikibaki pale, mzee atabadili mawazo. Au atatokea mshindani wetu akampa mkono. Sisi tumenunua wagonjwa, hatukununua jengo. Ing'oe."

"Mzee anakaa mkabala na kituo. Ataona."

"Basi tafuta siku ambayo hayupo."

Nikaitafuta. Kwa akili zangu timamu, bila kulazimishwa na mtu, nikachagua sikukuu ya Mtakatifu Nectarie, yule ambaye wagonjwa wa saratani kwetu humkimbilia kabla hawajamkimbilia daktari. Ndiyo iliyokuwa siku ya uzinduzi. Nikamwalika Baba Haralambie awe mgeni wa heshima. Yeye akate utepe Bacău, na watu wangu wakate nyaya zake Ursoaia.

Mnaona sasa? Lori la Ruxandra. Siku ya kwangu.

Asubuhi ile palikuwa na baridi ya kupasua midomo. Basi dogo la kampuni lilifika limejaa wagonjwa wa Ursoaia, wale waliokuwa katikati ya matibabu kwa Baba Haralambie. Nilikuwa nimemwambia wanakuja siku moja tu, wapate mionzi yao hapa kwa ajili ya picha, kesho yake warudi kwao. Uongo huo nao aliumeza.

Wa kwanza kushuka alikuwa Mama Profira, na sufuria kubwa imefungwa kwa taulo.

"Nabusu mkono, Mama," nikasema, nikaubusu.

"Umekonda wewe. Mkeo hakupikii?"

"Ananipikia."

"Basi chakula kinakwenda wapi? Au una minyoo?"

Alicheka, kisha akashika shingo. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza tu. Mama Profira naye alikuwa mgonjwa. Saratani ya koo. Mumewe mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtibu kwa ile mashine yake, na alikuwa amefika nusu ya safari. Kumeza hata uji alimeza kwa machozi, lakini alikuwa ameamka alfajiri kuwafungia mafundi wetu sarmale, nyama ndani ya kabichi, kama vile ni arusi.

"Za mafundi hizi," alisema. "Wewe usiguse mpaka wao wale."

Nikamwingiza chumba cha mashine. Ilikuwa nyeupe, mpya, kubwa kuliko ya Ursoaia mara kadhaa. Aliizunguka taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni.

"Mbona iko uchi hivi?" akauliza. "Haina hata mtakatifu mmoja?" Akatoa mkobani picha ndogo ya Mtakatifu Nectarie. "Nitamgandisha hapa ubavuni."

"Profira," akadakia Baba Haralambie, aliyekuwa anaingia huku akipangusa miwani, "hiyo ni mashine ya kampuni, si jokofu lako."

"Hata ile ya kwako ulisema hivyohivyo."

"Kwa gundi ya fundi viatu, Tibi! Unamsikia? Kanigandishia mtakatifu kwenye mashine kwa gundi ya fundi viatu. Nimejaribu kumbandua kwa kisu, kwa spiriti, kwa maji ya moto. Wapi!"

"Na hatoki mpaka kiama," alisema Mama Profira. "Nani amewahi kufia mezani kwako? Hakuna. Basi kaa kimya."

Nikacheka nao. Moyoni nilikuwa natazama saa. Lori lilikuwa limeshafika Ursoaia.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojichimbia.

Kwetu hakuna kinachofunguliwa bila padri. Duka, benki, kiwanda cha saruji, chochote kile, lazima kinyunyiziwe maji ya baraka kwanza. Aliyekuja alikuwa Padri Pamfil, mtu wa kijijini, mabega kama mlango, mkono wake umezoea kubariki matrekta na mazizi.

Fundi aliyeifunga ile mashine, Emeric, alikuwa bado anakaza vitu vyake ubavuni. Kifuniko cha upande mmoja kilikuwa wazi, nyaya na vibao vyake vinaonekana.

"Bosi, nipe dakika nirudishe kifuniko," alisema.

"Emeric, kamera ziko tayari. Simama mbele yake, hakitaonekana."

"Lakini bosi..."

"Simama."

Akasimama. Padri Pamfil akasoma sala zake, waimbaji wakaitikia, kisha akachovya shada la mrehani ndani ya ndoo na kuinyunyizia mashine kidogo tu, kwa adabu, kutoka mbali. Matone hayakufika hata kwenye kitanda cha mgonjwa. Yangeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Mpiga picha wa gazeti akasema, "Picha haikutoka. Padri, tunaomba tena, na mkono uonekane."

Padri akanigeukia mimi. "Nimekuja kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya gazeti?"

"Vyote viwili, Padri," nikasema. Ruxandra alikuwa ananitazama, na mimi nilitaka aone jinsi ninavyowaweza watu. "Mwagia bila huruma. Mashine kubwa, baraka kubwa!"

Watu wakacheka. Emeric akasogea pembeni asiloweshe suti yake ya kuazima.

Padri Pamfil akalizamisha shada zima, akalinyanyua likichuruzika, akalizungusha kwa nguvu ileile aliyozoea kubariki trekta. Maji yakaruka na kuingia moja kwa moja ubavuni pale palipokuwa wazi.

Tukasikia *tss*. Halafu *pah!* Halafu harufu ya kitu kilichoungua.

Taa za mashine zikazimika zote. Waimbaji hawakujua, wakaendelea kuimba.

"Mungu wangu," alisema Padri, ndoo mkononi. "Nimeiua?"

Emeric alipiga magoti, akachungulia, akarudi nyuma akiwa mweupe kama chokaa. Nikamvuta pembeni.

"Niambie ni fyuzi."

"Si fyuzi."

"Niambie itawaka kesho."

"Bosi, kile kibao kinatengenezwa nje. Wakikituma leo, na kwa sifa zao hawatakituma leo, ni wiki kadhaa. Halafu kuipima upya mashine nzima kabla hajalala mtu pale."

"Wiki kadhaa."

"Nilikuomba dakika," alisema Emeric.

Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye viti vya ukumbini, makoti mapajani, wanasubiri kuitwa. Mnajua kitu kimoja kuhusu mionzi? Haikatizwi. Ni kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki. Ukiiacha katikati, ugonjwa unapata nafasi ya kuvuta pumzi, na unaporudi unakuta umejikusanya upya. Mimi si daktari, lakini hilo nalijua. Ndilo nililokuwa nikiwaambia wenye vituo vidogo ili wauze: "Mashine yenu ikiharibika siku moja, wagonjwa wenu watakwenda wapi?"

Nilikuwa nalisema hilo vizuri sana.

Ruxandra akanipita akininong'oneza bila kugeuza shingo: "Tabasamu. Waambie ni umeme. Wapeleke mezani wakale chakula."

Nikatabasamu. Nikasema ni umeme. Wengine wakaanza kusogea kwenye vyakula, lakini wa Ursoaia hawakunyanyuka. Mzee mmoja aitwaye Toader, mkata kuni mwenye alama nyekundu ya mionzi shingoni, akauliza kwa sauti:

"Kwa hiyo leo hatulali kwenye mashine?"

"Leo kidogo kuna..."

"Na kesho?"

Nikageukia kamera. Mwanamke aliyekaa karibu naye akaanza kulia polepole, na Mama Profira akaenda kumshika bega. Yeye mwenyewe hakuuliza lolote. Alinitazama tu kwa upole, kama anayemwonea huruma mtoto aliyeangusha sahani mbele ya wageni.

Hapo ndipo Baba Haralambie alipogonga glasi yake kwa kijiko.

"Jamani, kelele za nini?" alisema. "Mmefiwa? Mashine mpya imepata mafua, itapona. Nyumbani tuna ile bibi kizee yetu, mnaijua, inakoroma lakini inafanya kazi. Jana imefanya kazi. Twendeni tukapande basi. Kabla ya giza kila mtu atakuwa ameshapata mionzi yake."

Watu wakapiga makofi. Toader akamkumbatia. Baba Haralambie akanijia, uso unang'aa, akanishika mashavu kwa mikono miwili mbele ya kamera.

"Na mshukuruni huyu," aliwaambia. "Mwingine angenunua akafunga. Huyu mwanangu alisema mashine ibaki. Mnaona leo? Alisema ibaki!"

Makofi tena. Ya kwangu hayo.

Nilitamani sakafu ifunguke. Haikufunguka, ilikuwa marumaru mpya, nimeichagua mwenyewe.

Nikakimbilia chooni, nikajifungia, nikampigia Fănel, msimamizi wa lile lori. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Jasho lilikuwa linanitoka na madirisha yamefunguliwa.

"Bosi!" Sauti yake ilikuwa ya furaha tele. "Nilikuwa nataka kukupigia. Tumemaliza mapema!"

"Fănel, rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Mashine! Irudishe ndani, sasa hivi!"

Halafu akacheka. "Bosi umekunywa? Hiki si kitanda cha kuvunja na kuunga. Tumekata kwa msumeno wa umeme. Ulisema wakirudi wakute chumba kimefagiwa. Tumekifagia. Hata misumari tumeokota."

"Hakuna hata..."

"Hakuna hata. Kipo kichwa chake na mabati, tunavileta huko Bacău kwa muuza vyuma chakavu. Tuko njiani, tumesimama tunakunywa supu."

Nawaomba msikilize vizuri nilichofanya baada ya hapo, maana ndicho kinachoniamsha mpaka leo. Sikusema, "Nimekwisha, ngoja nikamwambie mzee ukweli." Wala sikusema, "Ngoja niwatafutie wale watu mashine nyingine." Nilisema hivi:

"Usipite barabara kuu. Pita njia nyingine, mtu asilione hilo lori."

"Njia nyingine ina daraja la mbao, bosi. Halitubebi."

"Basi lifunikeni."

"Tumelifunika. Turubai fupi kidogo, lakini tumelifunika."

Nilipotoka nje, basi lilikuwa limeshaondoka. Baba Haralambie alikuwa amekaa mbele na dereva, nikaambiwa, na wagonjwa walikuwa wanaimba. Nimechelewa, nikajiambia. Na hapo pia nilijidanganya, maana basi lilikuwa linaonekana bado pale kwenye mzunguko, na mimi nina miguu.

"Wewe ndiye utanipeleka mimi," ilisema sauti ya kukwaruza nyuma yangu.

Mama Profira alikuwa amesimama na sufuria yake.

"Mama, kwa nini hukupanda basi?"

"Wanaimba. Mimi siwezi kuimba, nitabaki kuwatia huzuni. Na mafundi wako hawakula, wamechanganyikiwa. Hizi tutampelekea yule kijana anayetuendeshea mashine, ametangulia na basi. Fungua mlango, baridi hii."

Nikajifanya natafuta funguo. Nikajifanya nazungumza na Ruxandra. Nikajifanya tairi limepungua upepo. Mwishowe nikaishiwa vya kujifanya, nikaendesha.

Tulipotoka mjini akaweka sufuria mapajani, akaikumbatia kwa joto lake.

"Haralambie hakutaka kuuza," alisema. "Unajua?"

"Najua, Mama."

"Hujui. Alikataa kabisa. Alisema hawa wa kampuni ni wezi wenye tai. Mimi ndiye niliyemwambia, wewe mzee, anayekuja si kampuni, ni Tibi. Yule tulimsimamia arusi wenyewe. Yule alilia kwenye arusi yake mpaka mshumaa wake ukazimika." Akacheka kidogo, akakohoa sana, akafuta midomo. "Nilimwambia, mimi nikifa, utakuwa peke yako na hilo dude. Bora liwe mikononi mwa mtoto."

"Usiseme kufa, Mama."

"Kwani ni tusi?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nilikuwa na sentensi tayari: Mama, mashine haipo. Maneno matatu tu, mtoto wa chekechea anaweza kuyasema.

"Mama," nikasema.

"Nini, mwanangu?"

"Niongeze joto?"

"Ongeza."

Nikaongeza joto. Mwanamume mzima, ninayewatetemesha wenye vituo wa nusu ya nchi hii, nikaongeza joto.

Tukaenda. Mashamba yalikuwa yameshavunwa, meusi, kunguru juu yake. Akaniuliza kuhusu mke wangu. Akaniuliza kama bado nagombana na baba mkwe. Nikajibu. Kila jibu lilikuwa la kweli, ajabu.

Nikafungua mdomo mara ya pili.

"Mama, ile mashine ya Ursoaia..."

"Ndiyo."

"Unadhani... ni nzima kweli? Ni kuukuu mno."

Akanigeukia. "Mimi nalala pale kila siku, Tibi. Inapoanza kuvuma namtazama Nectarie wangu usoni, naye ananitazama. Naweza kukwambia ana mkwaruzo wapi. Ile si kuukuu. Ile ndiyo inayoniweka hai."

Sikufungua mdomo mara ya tatu.

Kwenye njia panda ya reli, geti lilikuwa limeshuka. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, mabehewa ya magogo yasiyoisha. Nikasimama mbele kabisa. Lilipopita behewa la mwisho, nikaona upande wa pili, limesimama linatutazama, lori.

Nilimwomba Mungu aligandishe geti lile lisinyanyuke. Likanyanyuka.

Lori likaanza kuvuka taratibu, linayumba juu ya reli. Fănel alikuwa kwa dirisha. Aliponiona akapunga mkono kwa furaha, akapiga na honi.

"Unamfahamu?" akauliza Mama Profira.

"Hapana."

Nyuma yetu kulikuwa na trekta lililokuwa linakata kona, kwa hiyo lori likasimama kabisa, ubavu wake sambamba na dirisha langu. Upepo ukalinyanyua turubai. Ni kweli lilikuwa fupi.

Chini yake palikuwa na kipande kikubwa cha chuma chenye rangi ya maziwa, kimekatwa vibaya pembeni. Na juu ya hicho kipande, kimepinda kona moja kwa visu na spiriti na maji ya moto ya miaka mingi, kilikuwepo kikaratasi cha mtakatifu mwenye ndevu.

Mama Profira alitazama. Akaweka sufuria chini miguuni, taratibu isimwagike, akafungua mlango, akashuka.

"Mama, rudi, kuna magari!"

Akazunguka gari mpaka kwenye lori. Akanyoosha mkono, akagusa picha. Akajaribu kuibandua kwa kucha. Haikutoka. Alijaribu tena, kwenye ule mkwaruzo anaoujua, huku Fănel akimwambia kwa adabu, "Bibi, sogea, tunakwenda." Kisha akajipiga ishara ya msalaba, akabusu vidole vyake, akavigusisha kwa mtakatifu. Lori likaondoka, mkono wake ukabaki hewani.

Alirudi garini. Akafunga mlango. Akaichukua sufuria yake akaipakata tena.

"Ulijua?" akauliza.

Magari yalikuwa yananipigia honi nyuma. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzima, umepangika vizuri kama wote wa kwangu. *Sikujua, Mama. Nitachunguza, Mama.* Na nafikiri, Mungu anisamehe, nafikiri ningeusema.

Simu ikaita. Simu yangu hujibiwa na gari lenyewe, sauti inatokea kwenye spika zote.

"Tibi!" Alikuwa Baba Haralambie, anahema. "Tibi, mwanangu, usimlete mama yako kwanza. Mzungushe, mnyweshe chai mahali. Tumeibiwa!"

"Unanisikia? Wameing'oa yote! Mashine nzima, wamebakiza mashimo sakafuni! Mchana kweupe, wakati tuko kwako! Lazima kuna mtu aliyejua hatutakuwepo." Nyuma yake nilisikia sauti ya Toader, na mwanamke analia. "Watu wamekaa hapa kwenye ngazi, sijui niwaambie nini. Na Profira... Tibi, mimi Profira nitamtibu kwa nini?"

Sauti ikamkatika. Nilikuwa sijawahi kumsikia Baba Haralambie akilia.

"Nimeita polisi," akasema alipojikaza. "Lakini wewe una magari, una watu, unajuana na wakubwa. Nisaidie kumtafuta huyo mwizi, mwanangu. Nisaidie."

Mama Profira aliinamia spika ile, karibu kabisa, kama mtu anayemnong'oneza mumewe kitandani asiwaamshe watoto.

"Haralambie," alisema kwa ile sauti yake iliyokwaruzika. "Acha kumtafuta. Ndiye anayeniendesha."